Hewa unayopuliza sio inayofika kule mbele (blowa, udi na mrija, Tanga)

mkonge_mkavu

Wakuu salama. Nimeona hili nilishushe huku kwa urefu maana kule kwenye grupu la mafundi tumebishana mpaka admini akafunga mjadala. Swali lilikuwa dogo tu, una blowa inapuliza hewa kupitia bomba, hewa ikishatoka mdomoni inafanyaje? Wengi wanaamini inakwenda mbele ileile inachoka taratibu mpaka inaisha, na ukitaka isambae zaidi basi ongeza spidi ya blowa. Yote mawili nayakataa na sina maabara, nina blowa ya kufulia vyuma, kipande cha bomba la PVC, mirija, maji yenye rangi na udi wa bi mkubwa hapa Makorora, udi ambao kwa sasa umefungiwa kabatini na ufunguo anatembea nao.

Nianze na kinachotokea. Hewa inatoka mdomoni ina kasi, pembeni yake kuna hewa ya chumba imetulia. Pale zinapogusana mpaka wake hauwezi kukaa umenyooka, unajikunja, unajiviringisha kuwa mizunguko, mizunguko inamezana inakuwa mikubwa, na kila mzunguko ukigeuka unachota hewa ya nje unaiingiza ndani. Katikati kwa mwanzo kunabaki kiini ambacho bado hakijaguswa, ukipima pale kasi ni ileile ya mdomoni. Kiini hicho kinaisha kwenye vipenyo 4 mpaka 6 hivi, yaani tundu likiwa na sentimita 2 basi kwenye sentimita 8 hadi 12 kimeshaliwa chote kuanzia pembeni. Kuanzia hapo kasi ya katikati inashuka, na hesabu yake nyepesi mno hata mtoto wa form two anaiweza: kasi ya mdomoni zidisha 6, zidisha kipenyo cha tundu, gawa kwa umbali. Tundu la sm 2, hewa inatoka mita 20 kwa sekunde, ukipima sm 40 mbele ambayo ni vipenyo 20, katikati unapata kama mita 6 kwa sekunde.

Watu wakiona 20 imekuwa 6 wanasema hewa imechoka. Haijachoka. Msukumo wote uliotoka mdomoni bado upo ila umegawanwa kwa hewa nyingi zaidi, kwa sababu njiani jeti, yaani huo mkondo wa hewa unaotoka tunduni, imekuwa inakusanya hewa ya chumba. Kiasi chake kinajulikana, ni 0.32 mara umbali kwa vipenyo, kwa hiyo kwenye vipenyo 20 hewa inayopita ni zaidi ya mara 6 ya iliyotoka kwenye bomba. Ukiweka mkono pale, fungu moja tu kati ya sita na kitu ndilo lililopita kwenye blowa yako, yaliyobaki yalikuwa yamekaa chumbani yanakusikiliza.

Na pembe ya koni haijali spidi. Moshi unaouona unafunguka kama digrii 24 kutoka ukingo mpaka ukingo, maana yake kwa kila sm 50 unazokwenda mbele upana wa kila upande unaongezeka sm 10. Puliza taratibu, puliza kwa hasira, koni ni ileile ilimradi hewa imeshavurugika. Mimi ninachosema ni hiki: kwenye jeti umbali usiuhesabu kwa mita, uhesabu kwa vipenyo vya tundu. Ukielewa hilo mambo mengi ya jiko, ya kukaushia, ya feni yanakaa sawa.

Karibuni kwa hoja, matusi pelekeni kule kwenye uzi wa mpira.

siti_ya_mbele

Uzi bila picha ni batili mkuu

mkonge_mkavu

Picha zina kisa chake nakuja nao, tulia.

mpinga_hoja

Mkuu acha siasa. Mimi nina kompresa gereji, nikifungulia kidogo hewa naisikia hapa karibu, nikifungulia yote inarusha vumbi mpaka ukutani. Afu unaniambia spidi haina maana? Nyie watu wa vitabu mnatupotezea muda.

mkonge_mkavu

> afu unaniambia spidi haina maana

Sijasema hivyo kaka, soma tena. Ukipuliza mara mbili zaidi, kule ukutani nako inafika mara mbili zaidi, kwa hiyo vumbi lazima liruke. Kinachobaki palepale ni uwiano na umbo. Kama kwenye vipenyo 20 ulikuwa na asilimia 30 ya kasi ya mdomoni, ukiongeza spidi bado utakuwa na asilimia 30 ya kasi mpya. Upana uleule, hewa iliyokusanywa kwa uwiano uleule. Wewe unaongelea kasi mimi naongelea mchanganyiko.

Kompresa yako nayo ni kesi ya peke yake nitaigusa chini.

chapa_rangi_chumbageni

Dah hii imenigusa maana ndo kazi yangu. Ina maana nikisogea nyuma na bunduki ya rangi ile hewa inayofika kwenye bodi ya gari nyingi ni ya chumbani na vumbi lake? Ndo maana kazi inatoka na chembechembe?

mkonge_mkavu

Ndiyo chifu, chochote kilicho hewani kwenye banda lako jeti inakialika. Ila bunduki ya rangi usiipigie hesabu yangu moja kwa moja, ule mdomo una matundu ya pembeni yanayobana hewa ili itoke bapa, haitoki duara. Wazo la kunyonya hewa ya pembeni linabaki, namba zinabadilika. Mwaga maji sakafuni kabla hujaanza, hilo mafundi wa zamani walishalijua bila hesabu.

mwalimu_wa_kange

Mkonge umeeleza vizuri, niongeze nyama kidogo maana hizi namba zina watu nyuma yake.

Ile 0.32 ni kazi ya Ricou na Spalding, 1961, na mimi naipenda kuliko majaribio mengi yenye mashine za bei mbaya. Tatizo lao lilikuwa hili, kupima hewa inayoingia kwenye jeti kutoka pembeni ni kazi ngumu kwa sababu inaingia polepole sana na kutoka kila upande, ukiweka kipimo pale kinasoma karibu na sifuri. Ukisema upime kasi kila sehemu ya jeti ujumlishe, kingoni kasi ni ndogo na eneo ni kubwa, makosa yanajazana hukohuko. Walichofanya, waliizungushia jeti silinda ambayo ukuta wake unapitisha hewa kwa vitundu vidogo vidogo, nje ya ukuta huo wakawa wanaingiza hewa waliyoipima. Sasa fikiria, jeti ina kiu ya kiasi fulani cha hewa. Ukiipa pungufu, presha ndani ya silinda inashuka chini ya presha ya nje. Ukiipa zaidi inapanda. Unarekebisha koki mpaka tofauti ya presha iwe sifuri, hapo unajua umeipa jeti kile hasa ambacho ingejichukulia yenyewe ikiwa huru. Soma mita ya koki, kazi imeisha. Hakuna hata haja ya kuigusa jeti yenyewe.

Walipima na gesi nyepesi na nzito pia, ikaonekana gesi ikiwa nzito kuliko hewa ni kama tundu limekuwa kubwa, ikiwa nyepesi ni kama tundu limekuwa dogo, kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa uzito. Inakuwa muhimu kwenye jeti ya moto maana hewa ya moto ni nyepesi.

Na kuhusu koni kutojali spidi, mpinga_hoja sikiliza hii kwa utulivu. Kuna namba inaitwa namba ya Reynolds, ni kasi mara kipenyo ugawe kwa unato wa hewa. Imetokana na Osborne Reynolds wa Manchester, 1883, alipitisha uzi wa rangi kwenye maji ndani ya bomba la kioo akaangalia lini unavurugika. Sasa mwaka 1993 Panchapakesan na Lumley walipima jeti ya hewa yenye namba hiyo 11,000. Mwaka uliofuata Hussein, Capp na George wakapima nyingine yenye 95,500, karibu mara tisa. Nusu upana wa jeti, yaani pale kasi inapofikia nusu ya ile ya katikati, wa kwanza walipata unakua kwa 0.096 ya umbali, wa pili kwa kipimo cha leza walipata 0.094. Ile 6 ya mkonge wa kwanza walipata 6.06, wa pili 5.8. Mara tisa kaka, na koni haikujua.

mpinga_hoja

Wazungu kupima sio hoja. Namba hizohizo mbona hazilingani, 6.06 na 5.8 ni sawa wapi?

mwalimu_wa_kange

Swali zuri na nitalijibu kwa heshima. Hao wa 1994 wenyewe walitumia waya wa moto (unapima kasi kwa jinsi hewa inavyoupoza) na leza kwenye jeti ileile na bado vikatofautiana kidogo, waya ulitoa 5.9 na 0.102. Sababu ni kwamba kingoni mwa jeti hewa inarudi nyuma wakati mwingine, na waya wa moto haujui mbele na nyuma, unapoa tu. Leza inajua. Kwa hiyo tofauti hiyo iko kwenye kipimo.

Tena kuna lingine zito zaidi. Kabla yao jaribio lililokuwa linategemewa na kila mtu ni la Wygnanski na Fiedler, 1969. Akina George wakaja kuonyesha kwamba ukijumlisha msukumo kwenye data zile, kadiri unavyokwenda mbali msukumo unapotea. Unapoteaje? Chumba. Jeti ikinyonya hewa kwenye chumba kidogo lazima hewa irudi nyuma kutoka mbele kuja kuziba pengo, na hiyo hewa inayorudi inaipunguza jeti. Miaka 25 watu wanatumia namba ambazo ndani yake kuna ukubwa wa chumba.

mkonge_mkavu

Mwalimu hapo umenigusa maana chumba changu ni cha futi 10 kwa 10 😂 ndo maana sikwenda zaidi ya mita moja na mlango wa ukumbini niliuacha wazi.

bi_mandazi

Kaka mkonge samahani mie sio fundi, nauza mandazi na chapati Ngamiani. Jiko langu la gesi moto umekuwa wa njano na sufuria zinapiga masizi. Nimesoma hapa kuhusu kunyonya hewa nikawaza au ndo mambo hayahaya?

mkonge_mkavu

Dada ndo hayahaya kabisa. Chini ya jiko gesi inatoka kwenye katundu kadogo mno, hata milimita moja hakafiki, na pembeni ya katundu hako kuna dirisha la hewa. Gesi ikitoka kwa kasi inanyonya hewa kupitia dirisha hilo, vinachanganyikana ndani ya bomba ndipo vinafika juu vinawaka. Hakuna feni pale, jeti ndiyo feni. Na gesi ya mtungi ina njaa kubwa ya hewa, propeni inataka kama mara 24 ya ujazo wake na butani kama mara 31 ndipo iungue yote. Sehemu inapatikana kwenye bomba, iliyobaki moto unaichukua wenyewe juu.

Moto wa njano maana yake gesi imefika juu na hewa pungufu. Angalia dirisha hilo, mara nyingi ni unga, mafuta au buibui ameweka nyumba. Na mtu akikushauri akupanulie katundu ka gesi ili moto uwe mkubwa mkatae. Turudi kwenye hoja yangu, umbali unahesabiwa kwa vipenyo, urefu wa bomba haujabadilika ila tundu limekua, kwa hiyo vipenyo vimepungua na hewa iliyonyonywa kwa kila fungu la gesi imepungua. Masizi yatazidi. Kabla ya yote funga mtungi, jiko lipoe, halafu umwite fundi wa majiko alisafishe, usichokonoe katundu na sindano maana ukikalegeza ndo umekapanua.

bi_mandazi

Ahsante sana, kuna mtu alishanishauri hiyo sindano. Sisemi nani.

siti_ya_mbele

Picha mkuu

mkonge_mkavu

Haya picha. Mitambo kwanza.

Blowa ikitoa hewa inatoka inazunguka kwa sababu ya mapanga, na hewa inayozunguka koni yake ni pana zaidi, kwa hiyo ukipima hivohivo utasema mkonge muongo. Nikajaza bomba kifurushi cha mirija ya soda imepangwa kama nyuki walivyopanga masega, mzunguko unafia mle. Mbele yake wavu wa chujio la chai, mbele kabisa mdomo unaobana kuja sm 2. Hiyo mirija usiiruke, ndo nusu ya kazi.

Kupima kasi nilitumia sindano nene ya dokta wa mifugo, nimekata ncha ikawa bapa, nimeielekeza kwenye hewa inayokuja, nyuma imeungwa na mpira wa dripu wenye maji ya rangi, upande wa pili wa mpira uko wazi chumbani. Hewa ikigonga sindano inasukuma maji. Shida ni kwamba presha ni ndogo, mita 10 kwa sekunde inainua maji milimita 6 tu, na ukishuka mpaka mita 5 ni milimita moja na nusu, nani anaona hiyo. Dawa yake laza mpira kwenye ubao wenye mteremko wa 1 kwa 10, milimita 6 zinatambaa sm 6 kwenye rula. Ukiongeza kasi mara mbili maji yanakwenda mara nne, kwa hiyo kumbuka kutafuta kipeuo cha pili. Sindano nene maji yanatulia haraka, sindano nyembamba unaweza ukaswali ukarudi bado yanapanda.

Maji hayatulii kabisa, yanachezacheza, na huko kucheza ndiko kwenye utamu. Katikati ya jeti kwa mbali kasi inapanda na kushuka kwa kama robo ya wastani wake muda wote. Sindano inakupa wastani tu tena wastani uliovimba kidogo, maana presha inafuata mraba wa kasi na zile zinazopanda zinahesabika zaidi ya zinazoshuka. Kwa kazi ya nyumbani inatosha.

Sasa moshi. Udi niliuweka nyuma kwenye mdomo wa kunyonyea wa blowa, taa ya tochi nimeibana kwa makaratasi mawili mpaka ikawa kama kisu cha mwanga kinachokata jeti katikati. Nikapiga picha kwa simu ikiwa kwenye spidi ya haraka, kisha nikapiga ile ya usiku inayochukua sekunde kadhaa. Ile ya sekunde kadhaa inatoka koni safi laini. Ile ya haraka ni vurugu tupu, mabonge ya moshi, mapengo meusi ya hewa safi yanaingia mpaka karibu na katikati, ukingo kama pwani ya Mkinga ilivyojaa mikoko na hori. Ukilinganisha picha mbili hizo unaona kwamba ile koni haipo, hakuna sekunde hata moja jeti imefanana nayo. Picha zimekataa kupanda, jukwaa linasema kubwa mno, nitapunguza.

siti_ya_mbele

Nilijua tu 😂😂

mwalimu_wa_kange

Hapo kwenye mapengo meusi usipite haraka mkonge, maana ndipo penye swali lenyewe la kuchanganyika. Kukoroga na kuchanganyika ni hatua mbili. Mizunguko mikubwa inaingiza bonge la hewa ya nje, lakini bonge likiwa ndani bado ni hewa ya nje, imezungukwa tu. Mzunguko unalivuta, unalikunja, unalivuta tena, kama chapati ya kusokota unavyopata tabaka juu ya tabaka, kila mkunjo tabaka zinakuwa nyembamba. Zikishakuwa nyembamba vya kutosha ndipo molekuli zenyewe zinavuka kutoka tabaka moja kwenda jingine. Bila hiyo hatua ya mwisho hujachanganya.

Wembamba wa mwisho unakadirika, ni mawazo ya Kolmogorov wa 1941. Kwa jeti ya mkonge kwenye sm 40 mizunguko mikubwa ina sm kadhaa, na ile midogo kabisa iko chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Ukiongeza spidi ile mikubwa inabaki na ukubwa uleule, kwa hiyo koni haibadiliki, ila ile midogo inakuwa midogo zaidi. Dimotakis mwaka 2000 alikusanya majaribio mengi akaonyesha kuna kizingiti, namba ya Reynolds ikifika kama 10,000 mchanganyiko wa ndani unakuwa mzuri ghafla, chini ya hapo mabonge yanadumu. Kwa hiyo mpinga_hoja spidi inakupa kitu, lakini kitu chenyewe kiko ndani ya jeti, macho hayakioni.

mpinga_hoja

Sasa hapo ndo mnaanza kuongea. Na kompresa?

mkonge_mkavu

Kompresa yako ina bar 6 au 8. Presha ya ndani ikizidi kama mara 1.9 ya presha ya nje, hewa pale tunduni inafika spidi ya sauti na haivuki hapo tunduni hata uongeze presha vipi, inatoka bado imebanwa inakwenda kupanukia nje kwa mishtuko. Ile sio hewa yangu ya mita 20 kwa sekunde. Na kwenye spidi hizo ukingo wa jeti unakua polepole zaidi, Papamoschou na Roshko walilionyesha 1988, mizunguko inakosa nguvu ya kujiviringisha kama kawaida. Kwa hiyo kwa karibu kompresa yako koni yake ni nyembamba kuliko ya blowa. Ndio, hiyo ni pointi yako chukua. Ikishapoa kasi huko mbele inarudi kwenye sheria ileile.

Na ule mlio unaokera majirani wa gereji yako nao unatokana na hiyo vurugu ya kuchanganyika. Lighthill aliuwekea hesabu 1952, nguvu ya mlio inapanda kwa kipeo cha nane cha kasi, yaani kasi ikizidi mara mbili mlio unazidi mara 256. Ndo maana ndege kama Boeing 787 nyuma ya injini wameweka meno meno, yanabadilisha jeti inavyochanganyika pale mwanzo ili ipige kelele kidogo.

mpinga_hoja

Nimepima. Nimechukua draya ya mke wangu ya saluni na moshi wa udi, koni nimepata pana kuliko yenu, karibu digrii 35. Haya jibuni.

mkonge_mkavu

Uliweka mirija ndani?

mpinga_hoja

Mirija ya nini tena

mwalimu_wa_kange

Mzunguko wa mapanga. Kaka yako amelisema mapema. Weka kifurushi cha mirija halafu pima kwa spidi ndogo na kubwa ya draya. Ila usiwashe kitufe cha moto mirija itayeyuka na mke atakuuliza.

dada_wa_mabawa

Mimi hiyo draya ndo nimeitumia kwa joto bila moshi, na waya wa kupimia joto wa maltimita. Mbele nimeweka wavu wa chuma. Naona joto linasambaa pana kuliko kasi ya upepo, mkono unasikia joto pembeni mahali ambapo karatasi haitikisiki kabisa. Ni kawaida?

mkonge_mkavu

Kawaida kabisa dada, Corrsin alishaliona hilo kwenye jeti za moto miaka ya 40. Msukosuko unasambaza joto haraka kuliko unavyosambaza msukumo. Kwa hiyo katikati nako joto linashuka haraka kidogo kuliko kasi, badala ya 6 weka kama 5. Draya ikitoa nyuzi 80 na chumba kina 30, tofauti ni 50. Kwenye vipenyo 20 inabaki kama robo, punguza kidogo kwa wepesi wa hewa ya moto aliousema mwalimu, utasoma 41 au 42. Angalia maltimita yako kama haichezi hapohapo.

Elekeza draya juu, usiilaze. Ukiilaza, hewa ya moto kwa mbali inaanza kupanda yenyewe jeti inapinda unapima kitu kingine. Na ukielekeza juu usiende mbali sana maana mbele inageuka kuwa moshi wa jiko, inasukumwa na wepesi wake na sio na draya. Funga feni ya darini. Na kusi hii ikivuma jioni hata dirisha likiwa na pazia usipoteze muda, pima alfajiri.

dada_wa_mabawa

Imesoma 43 ila kipenyo cha draya sikukipima vizuri, sio duara kamili. Ngoja niweke mdomo wa kopo.

mwani_tu

Wakuu nimesoma kimya muda mrefu. Sisi tuko kikundi cha mwani huku Mkinga, msimu wa mvua mwani haukauki unaoza. Tuna wazo la kutengeneza banda la blowa moja, hewa ya vuguvugu. Fundi wetu anasema tuweke bomba moja kubwa la sm 8 mwanzoni mwa banda lipulize lote. Mwingine anasema tutoboe matundu mengi madogo. Nani yuko sahihi?

mkonge_mkavu

Hili ndo swali nililokuwa nalisubiri. Inategemea unataka hewa ifike au unataka ichanganyike.

Tundu moja la sm 8 likitoa mita 10 kwa sekunde, mita moja mbele ni vipenyo 12 na nusu, katikati bado una karibu mita 5 kwa sekunde na hewa imezidi mara 4. Ligawe sasa liwe matundu 16 ya sm 2, eneo la jumla ni lilelile, blowa ileile. Mita moja mbele sasa ni vipenyo 50, kila kajeti peke yake katikati kamebakiwa na mita 1.2 na hewa imezidi mara 16. Kwa hiyo matundu mengi yanachanganya haraka sana kwa umbali mfupi, tundu moja linafika mbali.

Bomba moja kubwa mwani ulio karibu utakauka kupita kiasi na wa nyuma ya jeti hautajua kama kuna blowa, maana jeti ni nyembamba na pembeni yake hewa inarudi kinyume. Ningekuwa mimi ningetandika bomba chini ya chanja lote, matundu yanaangalia juu, mwani uwe sm 20 au 30 juu yake.

mwalimu_wa_kange

Nakubali ila yasibanane. Vijeti vikiwa karibu karibu vinavutana kwa sababu kila kimoja kinanyonya hewa ya katikati yao na hakuna inayoingia kuziba, vinaungana vinakuwa jeti moja kubwa na faida yote imekwenda. Koni ya kila tundu kwa sm 25 ina upana wa sm 10 jumla, basi tundu na tundu liwe angalau na nafasi hiyo. Na pembeni mwa chanja acha wazi hewa ya nje ipate njia ya kuingia chini, ukiziba kwa maturubai vijeti vinakosa cha kunyonya.

mwani_tu

Hewa ya nje msimu wa mvua ina unyevu lakini, si ndo tunanyonya unyevu?

mkonge_mkavu

Umeuliza kitu kikubwa. Ndiyo, kwa sm 25 na tundu la sm 2 ni vipenyo 12 na nusu, robo tu ya hewa inayogusa mwani ndo umeipasha, robo tatu ni ya nje na unyevu wake. Kama hewa ya nje ni mbichi sana basi ziba pembeni kama mwalimu alivyokataza ila uache mzunguko, yaani hewa iliyopanda irudi chini kwa mlango ndani ya banda lenyewe, na sehemu ndogo tu itoke nje na unyevu wake. Jeti itanyonya, ila itanyonya hewa ya banda ambayo ni ya vuguvugu. Tundu lisipungue sm 2 maana kadiri linavyokuwa dogo ndivyo kasi inayofika kwenye mwani inavyopungua.

Mna umeme huko au mnategemea jenereta?

mwani_tu

Umeme upo ila unakatika. Blowa yetu ni ya nusu hospawa.

mkonge_mkavu

Inatosha kuanzia chanja moja. Nitumie vipimo vya banda, urefu na upana, nikuchoree mpangilio wa matundu. Usitoboe kwanza.

siti_ya_mbele

Na picha?